Macho Mawili, Monita Ngapi?

Kila aliyehamishia ofisi nyumbani hulifikia swali hili siku moja: kompyuta yangu niiongezee monita ya pili? Wapo wanaouliza hata ya tatu. Linasikika kama swali la nyaya na matundu tu, lakini limebeba fedha za nyumba, umeme wa nyumba, shingo ya mtu na namna akili inavyoshika kazi. Kwa hiyo nimeona lijadiliwe. Sauti ni nne, zote za Dar es Salaam: Mfasiri anayefanyia kazi chumbani kwake, Mhasibu anayefunga hesabu za wateja usiku, Mwalimu mstaafu anayefundisha kwa njia ya mtandao, na Fundi wa kompyuta wa Kariakoo. Nimewaita kwa kazi zao kwa sababu hoja zao zimetoka huko. Penye haja nitaingia kati.

MFASIRI: Nianze mimi, maana mimi ndiye ninayeumia. Kazi yangu siku zote ina karatasi mbili: huku ripoti ya Kiingereza, huku Kiswahili ninachokiandika. Kwenye skrini ndogo ya kompyuta mpakato moja huifunika nyingine. Nasoma sentensi, naificha, naandika, nusu yake imeshanitoka, naifunua tena. Maneno nayakumbuka. Tarakimu ndizo zinazoponyoka. Shilingi milioni 15 inavuka upande wa pili ikiwa milioni 1.5, tarehe 13 inafika ikiwa 30. Na kosa la namna hiyo mhariri halioni, kwa kuwa Kiswahili chake kimenyooka. Linajulikana mkataba umeshatiwa saini. Tangu niliposimamisha chanzo kwenye monita moja na tafsiri kwenye nyingine, jicho linakwenda na kurudi, na tarakimu naisoma palepale ninapoiandika.

MHASIBU: Dada, shida yako naijua, hata mimi ninayo. Taarifa ya benki huku, daftari la mauzo huku. Ninachokipinga ni dawa uliyoichagua. Ulichokosa wewe ni nafasi, na nafasi inapatikana kwa monita moja kubwa. Inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440 inalaza kurasa mbili za A4 ubavu kwa ubavu na herufi zinasomeka vizuri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto, dirisha linakaa nusu ya kushoto. Mshale wa kulia, la pili linakaa kulia. Huduma hiyo ipo tangu Windows 7 ya mwaka 2009, na watu wengi hawajawahi kuigusa. Waya mmoja, soketi moja, na hakuna ukingo mweusi unaopita katikati ya hesabu zangu.

FUNDI: Kaka, hilo ni kweli, ila hujataja bei. Hiyo inchi 27 ni ya kununua mpya. Monita za inchi 19 na 22 zilizotumika, zile zilizoondolewa kwenye maofisi ya ng'ambo, zipo tele. Kwa fedha ya hiyo moja yako mteja wangu anaondoka na mbili, na mara nyingi chenji inabaki. Halafu mtu anakuwa tayari ana moja nyumbani. Utamwambia aitupe?

MHASIBU: Sijasema aitupe. Nasema anayeanza asikimbilie mbili kwa sababu ameona picha ya meza ya mtu mtandaoni.

FUNDI: Hapo tuko pamoja. Mteja akija kwangu na kuniuliza monita ngapi, mimi namwomba picha ya mgongo wa mashine yake. Jibu liko kule nyuma. Chukua Dell OptiPlex 7010, kompyuta ya mezani ya mwaka 2012 ambayo bado inafanya kazi katika nyumba nyingi. Nyuma ina tundu mbili za DisplayPort na moja ya VGA, na prosesa za Intel za kizazi cha tatu zilikuwa za kwanza za Intel kumudu monita tatu kwa mpigo. Mwenye mashine kama hiyo hana haja ya kununua kadi ya picha. Anahitaji nyaya tu. Lakini wengi hawajui, wanauziwa kadi.

Na aliyeshawekewa kadi ana mtego wake. Mashine inakuwa na tundu za aina mbili: zile za ubao mkuu, zilizosimama karibu na tundu za USB, na zile za kadi, zilizolala chini yake. Mtu anachomeka monita ya kwanza kwenye kadi, ya pili kwenye ubao mkuu, na ya pili inabaki nyeusi. Anarudi dukani anasema nimemuuzia monita mbovu. Kumbe mashine nyingi zikiona kadi huzima tundu za ubao. Zote mbili zichomeke kwenye kadi, yamekwisha.

MWALIMU: Mwanangu, mimi nina mpakato, mgongo wake hauna tundu nyingi hivyo.

FUNDI: Mpakato, Mama, huwa na HDMI moja. Hiyo inatosha kwa monita moja ya nje, na skrini yake yenyewe inahesabiwa ya pili, kwa hiyo umeshafika bila gharama nyingine. Ugumu unaanza ukitaka mbili za nje. Hapo watu hukimbilia USB-C. Lakini si kila tundu la USB-C linapitisha picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Tazama alama pembeni yake: ukiona herufi D na P zilizounganishwa, au mshale wa radi wa Thunderbolt, picha itapita. Usipoona alama, fungua kijitabu cha mashine kabla hujanunua kigawanyio. Wenye MacBook Air ya M1, ile ya mwaka 2020, ndio wanaonijia wamekasirika zaidi. Mashine hiyo imeundwa kubeba monita moja tu ya nje. Mtu ananunua kigawanyio chenye tundu mbili za HDMI, anachomeka monita mbili, na zote mbili zinaonyesha picha ileile. Kigawanyio ni kizima. Kikichomekwa kwenye mashine ya Windows kinatoa picha mbili tofauti.

MFASIRI: Mwambie na habari ya adapta, ile iliyonitoa jasho.

FUNDI: Adapta ina upande wa kwenda. HDMI ni ya kidijitali, VGA ni ya analojia. Kompyuta yako ikiwa na HDMI na monita ya zamani ikiwa na VGA pekee, unahitaji adapta inayogeuza HDMI kuwa VGA, na ndani yake lazima kuwe na kifaa cha kugeuza. Ile ya kutoka VGA kwenda HDMI inafanana nayo kwa umbo, pengine inaning'inia kwenye ndoano hiyohiyo dukani, na haitakusaidia kitu. Sema kwa muuzaji: kompyuta yangu inatoa hivi, monita yangu inapokea hivi. Usiseme tu "naomba adapta ya HDMI".

Ninaingia kati kidogo. Haya aliyoyasema Fundi ndiyo yanayokula fedha za watu, na yangetajwa mapema yangeokoa nauli nyingi za kurudi mjini. Monita nyingi kwenye kompyuta moja si teknolojia ngeni. Macintosh II ya mwaka 1987 iliweza, na Windows 98 iliileta kwa watu wa kawaida. Kinachobadilika kila baada ya miaka michache ni umbo la tundu, na gharama ya mabadiliko hayo anaibeba mnunuzi. Sasa Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mkono.

MWALIMU: Nimewasikiliza wanangu, mmezungumza inchi na nyaya. Mimi nina hofu na mtu anayekaa mbele yake. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha jambo ambalo mwalimu yeyote analijua kwa kukaa darasani: mtu akiiacha kazi kabla haijaisha akahamia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na kazi mpya inafanywa kwa akili iliyobaki. Mimi nimeziona meza zenu. Mbele kuna kazi, pembeni kuna WhatsApp imefunguliwa siku nzima. Ujumbe ukiingia, hata usipoujibu, jicho limeshakwenda. Mlipokuwa na skrini moja, WhatsApp ilikuwa imefichwa nyuma ya kazi. Mmeinunulia nyumba yake.

MFASIRI: Mwalimu, shikamoo kwa hilo, limenigusa. Lakini tutenganishe mambo. Chanzo na tafsiri ni kazi moja yenye pande mbili. Hapo sihami popote. Na ushahidi upo. Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, kilitoa utafiti mwaka 2003 kuhusu kazi za ofisini, na waliotumia monita zaidi ya moja walimaliza haraka zaidi na makosa yao yalikuwa machache.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Fedha za utafiti zilitoka wapi?

MFASIRI: NEC-Mitsubishi waliokuwa wakiuza monita, na ATI waliokuwa wakitengeneza kadi za picha.

MWALIMU: Basi tuusome huku jina la mlipaji liko mbele yetu.

Mwalimu ana haki, na bado utafiti ule hautupwi. Kazi walizopewa watu zilikuwa za kuhariri maandishi, kujaza majedwali na kutengeneza slaidi, yaani kazi ambazo mtu huchukua kitu hapa akakipeleka pale. Kwa kazi za aina hiyo matokeo yake yanakubaliana na anachokieleza Mfasiri kuhusu tarakimu zake. Kwa mtu anayeandika riwaya, au anayesoma kitabu kimoja kutwa, utafiti huo haujasema lolote, na muuzaji anayeunyoosha mpaka huko anatia chumvi.

MHASIBU: Mimi nirudishe mazungumzo kwenye luku. Chukua monita ya LED ya inchi 22 inayokula wati 20. Saa 8 kwa siku ni wati-saa 160. Kwa siku 25 za kazi ni uniti 4. Kidogo, sawa. Lakini zile za zamani zenye taa za mirija zinaweza kula mara mbili ya hapo, na kibandiko cha nyuma kinakuambia ukikisoma. Familia iliyo kwenye bei nafuu ya wanaotumia uniti 75 kwa mwezi na kushuka, uniti 8 zinaweza kuwa ndizo zinazoivusha mpaka. Anayenunua monita ya bei chee ajue ataendelea kuilipia kwenye luku.

FUNDI: Na umeme ukikatika?

MHASIBU: Hilo ndilo hasa. UPS ndogo inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima mashine, na kila monita unayoipachika inazila dakika hizo. Mwenye kompyuta ya mezani achomeke kwenye UPS mashine, ruta na monita moja. Ile ya pembeni ibaki kwenye soketi ya kawaida, izimike ikitaka kuzimika.

FUNDI: Mwenye mpakato ana tabu ya aina nyingine. Umeme ukienda, monita ya nje inazima, mpakato inaendelea kwa betri. Mara nyingi madirisha yanarudi yenyewe kwenye skrini ndogo, na Windows 11 inakumbuka yalikokuwa, umeme ukirudi inayarudisha. Lakini kuna monita ambazo hata zikizimika kompyuta inaendelea kudhani zipo, na dirisha lako linabaki kule gizani. Watu wanadhani kazi imepotea. Bonyeza Windows pamoja na herufi P, chagua skrini ya kompyuta pekee. Au chomoa waya wa picha. Dirisha litarudi na kazi yako yote ndani.

MFASIRI: Naomba nizungumzie shingo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibu hata baada ya kununua vizuri. Monita mbili zikipangwa sawasawa, muungano wake ukawa katikati ya uso wako, kutwa nzima unatazama pembeni. Hakuna kitu mbele yako ila ule ukingo mweusi. Mimi tafsiri naiandika kwenye monita iliyo mbele yangu moja kwa moja. Chanzo kipo kushoto, kimegeuzwa kidogo kunielekea. Ukingo wa juu wa monita uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na umbali uwe wa kunyoosha mkono. Isipofika juu, weka vitabu chini yake. Kila baada ya dakika 20 natazama mbali dirishani, kama mita 6, kwa sekunde 20.

FUNDI: Na ukishazipanga mezani, zipange na ndani ya kompyuta. Hili watu hulikosa. Kompyuta haijui monita ipi iko kushoto. Ingia kwenye mipangilio ya onyesho, bonyeza kitufe cha kutambulisha, namba 1 na 2 zitatokea kwenye skrini, kisha buruta visanduku vikae kama monita zilivyokaa mezani. Mtu asipofanya hivyo anasukuma mausi kwenda kushoto inagonga ukuta, akiisukuma kulia inatokezea kushoto. Hata akizipanga upande sahihi, monita moja ikiwa na pikseli 1080 kwenda juu na nyingine 900, kuna sehemu ya ukingo ambayo mausi haivuki kwa kuwa upande wa pili hakuna kitu. Shusha au pandisha kile kisanduku kidogo mpaka njia yako ya kila siku iwe wazi. Ni kazi ya dakika moja, na nimeingia nyumba ambayo mtu ameteseka nayo mwaka mzima.

MWALIMU: Televisheni ya sebuleni je? Mjukuu wangu anasema tusinunue chochote.

FUNDI: Kwa kutazama slaidi kwa mbali, sawa kabisa, Mama. Kwa kusoma maandishi mezani, hapana. Televisheni nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768, sawa na mpakato wa bei ya chini, ila zimetandazwa kwenye eneo kubwa. Herufi zinakuwa kubwa na zenye ukungu. Zaidi ya hapo, televisheni nyingine hukata kingo za picha, mstari wa chini wa kompyuta hauonekani.

MWALIMU: Basi nami niseme ukweli wangu. Nikifundisha, slaidi ziko upande mmoja na nyuso za wanafunzi upande mwingine, na siwezi kurudi nyuma. Zamani nilikuwa naongea na slaidi. Sasa namwona mtoto aliyekunja uso, narudia maelezo kabla hajauliza. Lakini nashika masharti mawili. Naonyesha dirisha moja la slaidi, kamwe si skrini nzima, barua zangu zisije zikasomwa na darasa. Na kipindi kikiisha, monita ya pili naizima kwa kitufe chake. Kazi ya kusahihisha insha ina upande mmoja, naifanya kwenye skrini moja.

MHASIBU: Ukisema hivyo, Mwalimu, tumekaribiana. Mimi nabaki na moja kubwa yangu.

MFASIRI: Nami nabaki na mbili zangu.

Wote wawili wanafanya sawa, na hapa ndipo ninapotoa maoni yangu waziwazi. Wanachonunua ni kitu kilekile: uwezo wa kuona pande mbili za kazi moja kwa wakati mmoja. Anayeanza mikono mitupu na ana fedha, inchi 27 moja ni chaguo safi. Mwenye monita nzima mezani, au mwenye mpakato, aongeze moja iliyotumika. Ndiyo njia ya wengi wetu na haina aibu yoyote. Monita ya tatu siiungi mkono kwa kazi za nyumbani za kawaida. Shingo haina upande wa tatu wa kupumzikia, na kitakachowekwa pale mara nyingi ni kile alichokitaja Mwalimu. Na ambaye kazi yake ni ya kusoma au kuandika jambo moja, fedha hiyo anunulie kiti kizuri.

Kwa aliyeamua kununua iliyotumika, nina ombi. Usitoke dukani mbio. Nenda na picha ya mgongo wa mashine yako kwenye simu. Iwashe monita ukiwa palepale, iache iwake kama dakika 15, kwa sababu kasoro nyingine hujitokeza tu ikishapata joto. Fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, kisha mwekundu, utazame vitone vilivyokufa. Izungushe uione kwa pembeni: ikiwa rangi zinageuka ukiegemea kidogo tu, haifai kukaa ubavuni mwako. Angalia nyuma kama ina tundu nne za skrubu zilizopangwa mraba wa milimita 75 au 100, maana siku mguu wake ukivunjika hizo ndizo zitakazoipandisha kwenye mkono wa chuma au ukutani. Hakikisha waya wa picha na waya wa umeme vimo kwenye bei mliyokubaliana. Ndipo ulipe, na udai risiti.